Kiti cha Anayeulizwa

Baba alirudi nyumbani ndevu zimenyolewa upande mmoja. Shavu la kushoto lilikuwa laini kama la mtoto. La kulia lilikuwa bado na povu lililoanza kukauka, na kitambaa cha kinyozi kilikuwa kingali kinaning'inia shingoni. Hakugombana, wala hakuinua mkono. Alimuuliza mama swali moja tu, wamesimama jikoni, na mama, ambaye hakuwahi kujua kudanganya, akainamisha kichwa. Jioni ile ile tulihamia kwa mjomba: mimi, mama, na godoro lililofungwa kamba.

Nilikuwa na miaka minane. Nilichoelewa ni kwamba baba si baba, na kwamba mtaa mzima ulijua kabla yangu.

Juma lile walikuwa wamepita wadadisi, vijana wa chuo wenye mikoba ya turubai, wakihoji nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti mkubwa wa familia uliofanywa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Aliyeingia kwetu alikuwa na viatu vinavyong'aa na maneno matamu. Alimwapia mama kwamba yote atakayosema yatageuzwa tarakimu na hakuna kiumbe atakayejua yametoka kwa nani. Kisha akauliza: katika watoto wa nyumba hii, yupo ambaye hakuzaliwa na baba mwenye nyumba? Mama akajibu yupo, huyu huyu mmoja. Jumamosi yake kijana akaenda kunyoa, na alipokuwa akisubiri zamu akawavunja watu mbavu kwa kisa cha mwanamke wa nyumba yenye mlango wa bluu, yule anayecheka kaziba mdomo kwa kiganja. Jina hakutaja. Baba alikuwa pale kitini, kichwa amekilaza nyuma, uso umejaa povu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini alimjibu. Angeweza kusema hakuna, maisha yakaendelea.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu mimi," akasema. "Yule aliuliza, halafu akanyamaza akasubiri nijibu."

Shuleni waliniita Dodoso, kama zile karatasi za maswali za wadadisi. Hata mwalimu mmoja alijisahau akaniita hivyo, darasa likalipuka kwa kicheko, naye akacheka nao. Jina la yule mdadisi nililijua kama watoto wengine wanavyolijua jina la babu yao. Mama alilitaja kila mvua ilipovuja kwa mjomba, kila wifi yake aliponung'unika kuhusu chumvi, kila ada ilipokosekana. Hakulitaja kwa sauti ya juu. Alilitaja tu, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake bado kipo mfukoni.

Haishangazi basi kwamba nilikuja kufanya kazi kwenye Hifadhi. Ndipo tafiti za jamii za dunia nzima zinapowekwa, ili wasomi wa kila nchi wazitumie bila mhojiwa yeyote kujulikana. Nilianza kama karani nikaishia kuwa mkuu wa kitengo cha usiri. Kazi yangu ilikuwa kufuta watu. Wageni walidhani kazi hiyo ni kufuta majina, nami niliwaambia jina ndilo jambo dogo kuliko yote. Mtu anajulikana kwa vitu viwili vitatu vya kipuuzi: umri wa mume, idadi ya mbuzi, rangi ya mlango. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivisaka usiku na mchana. Utafiti ule wa familia nao ulikuwamo kwetu. Mama yangu alikuwa mstari mmoja wa tarakimu katikati ya maelfu, na hata mimi nilishindwa kumtambua. Karatasi zilitunza ahadi miaka yote. Aliyevuja alikuwa mtu.

Kisha mkurugenzi wetu akatangaza kustaafu. Alikuwa mzee mkimya, mwenye kupenda taratibu, na katika utawala wake alituachia desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Kila anayeomba kazi kwetu, awe mlinzi au mkurugenzi, lazima kwanza akae kwenye kiti cha anayeulizwa. Mmoja wetu humhoji kwa dodoso halisi kutoka kwenye makabati yetu, mlango umefungwa, na majibu hayatoki mle ndani. Kamati hupewa neno moja tu kutoka kwa aliyemhoji: anafaa, au hafai. Sababu haziulizwi, maana kutoa sababu ni kutoa majibu. Mzee aliamini kwamba hakuna njia nyingine ya kumjua mtu atakayetunza siri za watu.

Nafasi ilitangazwa kwa lugha nyingi, maombi yakamiminika kutoka kila pembe. Walipobaki watatu, Bibi Mwenyekiti wa kamati akanikabidhi majalada, nami nikakuta jina la yule mdadisi, lile mama alilolibeba kama kitu cha mfukoni, limegeuka jalada mkononi mwangu. Profesa sasa. Vitabu, tuzo, kamati za kimataifa. Utaratibu ulinitaka niseme kama namfahamu yeyote kati yao. Wangeniuliza namfahamu kutoka wapi, na ningelazimika kumvua mama nguo mbele ya watu nisiowajua, mmoja wao akiwa kwenye skrini inayokwamakwama. Nikafunga jalada. Nikasema simfahamu yeyote.

Siku ya usaili jengo zima lilimpenda. Aliwasalimia wafagiaji kabla ya wakubwa, akamshika mkono dereva, akasema mbele ya kamati maneno kuhusu heshima ya mhojiwa ambayo ningependa ningeyaandika mimi. Bibi Mwenyekiti, ambaye kucheka kwake ni msiba, alicheka. Wengine wawili walikuwa watu wazuri, lakini ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe. Wenzangu walianza kubishana ofisi yake ipakwe rangi gani.

Mimi niliomba nimhoji yeye. Na nilichagua dodoso.

Chumba cha mahojiano ni kidogo, viti viwili, hakuna meza, ukutani hakuna saa. Aliketi akakunja nne. Nilipofungua ukurasa wa kwanza akapiga paja.

"Ah! Hili si ndilo tulilozunguka nalo mitaani? Dada, umenirudisha ujana wangu."

"Tunaweza kuanza?"

"Anza, dada yangu. Leo zamu yangu kubanwa."

Neno langu lilikuwa tayari mdomoni tangu siku nilipofungua jalada. Sikwenda kumpima, nilikwenda kumnyonga kwa adabu. Lakini alijibu vizuri. Alinieleza kuhusu baba yake aliyekufa bila kumsifu hata mara moja, na kuhusu kaka aliyemlipia masomo kwa kubeba mizigo sokoni, na sauti yake ilishuka, na mimi, mwana wa mama yangu, nikajikuta nimeinama mbele kumsikiliza. Nilimwonea huruma. Nilijichukia kwa huruma ile, lakini ilikuwepo, na kama tungeishia hapo sijui ningetamka nini.

Tukafika kwenye sehemu ya watoto. Swali la wanaume lilikuwa hili: una mtoto ambaye nyumbani kwako hawamjui?

"Hakuna," akasema upesi. Kisha akacheka, akajiweka sawa kitini. "Swali hili lina visa vyake. Akina mama walikuwa wanaulizwa kwa namna nyingine. Kuna mmoja bwana, nyumba yake ina mlango wa bluu. Alikuwa akicheka hivi."

Akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa mabega. Alimpatia. Baada ya miaka yote ile alimwigiza mama yangu sawasawa.

"Nikamuuliza, akajibu papo hapo, 'Yupo,' kama vile nimemuuliza kama kuna maji ya kunywa! Nilikaribia kuanguka na kiti. Kile kisa nimekisimulia nchi ngapi, sijui. Wanafunzi wangu wanakipenda kupita kiasi. Jina sitaji, bila shaka. Maadili."

"Alipatwa na nini baadaye?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Ah, nitajuaje, dada? Sisi tulihamia mtaa mwingine."

Nikaandika jibu lake, *hakuna*, kwa mwandiko mzuri. Nilimuuliza maswali yote yaliyobaki: paa lake ni la nini, anapata maji wapi, analala vyumba vingapi. Nilimshukuru kwa muda wake kama nilivyofunzwa kumshukuru kila mhojiwa.

Mbele ya kamati Bibi Mwenyekiti alinigeukia akiwa ameshaanza kufunga kalamu.

"Haya, neno lako tulimalize."

"Hafai."

Kwenye skrini yule mjumbe wa mbali aliinua mikono, picha ikakwama mikono ikiwa hewani.

"Hafai?" sauti yake ikaja nyuma ya picha. "Sababu?"

"Sababu haziulizwi," akasema Bibi Mwenyekiti. Alinitazama muda mrefu, naye si mtu wa kutazamika kirahisi. Nilimtazama vilevile. Kisha akafungua kalamu yake, akapiga mstari juu ya jina lile, mstari ulionyooka, na kazi akapewa mwanamke mpole aliyekuwa wa pili. Alituongoza vizuri sana, kwa hiyo hata dhamiri haikupata pa kunishika.

Nilifurahi. Sitauma maneno. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto.

Jioni ile nilimkuta Profesa kwenye ngazi za nyuma, zile zinazotumiwa na wafanyakazi wakitoka. Koti lilikuwa mkononi, tai imelegea. Mtu fulani alikuwa amemnong'oneza. Kwenye jengo la kutunza siri hakuna kinachotunzwa zaidi ya siri za wengine.

"Dada," akasema, "sikulaumu. Niambie tu nilikosea wapi."

"Utaratibu hauruhusu."

"Najua. Najua. Ila mke wangu ameshawaambia watu. Tumeshatafuta shule za watoto." Akapangusa shingo. "Ni lile swali, sivyo? Uliona nimejibu haraka. Sawa. Yupo. Binti, ana miaka kumi na saba, mama yake namtumia kitu kila mwezi. Ni hilo?"

Niliegemea ukuta.

Ninyi msiomjua mtu wa namna ile mtashangaa, lakini mdomo wake haukuwa na breki tangu ujana, na kimya cha mtu mwingine kilikuwa kinamwasha kama upupu. Akaendelea. Labda nilisikia kuhusu kitabu chake cha pili, zile takwimu alizozinyoosha kidogo ili hoja isimame? Kila mtu hunyoosha. Labda ni kuhusu kaka yake, yule wa mizigo, aliyelazwa hospitali akimwulizia, naye akaenda kwenye kongamano? Alirudi wamekwisha kumzika. Labda kuna mwanafunzi aliyelalamika? Yule hakuwa na ushahidi. Alishuka ngazi moja, akapanda tena. Alijipekua mbele yangu kama mtu anayetafuta ufunguo, mfuko baada ya mfuko, akivitoa vitu vyake vyote nje.

Nami nilisubiri. Kila alipovuta pumzi nilidhani sasa atasema mlango wa bluu. Hakusema. Aliuchambua uhai wake wote, na mama yangu hakuwemo, hata kwenye makombo. Ningeweza kumwambia. Maneno yalinijaa kinywani. Lakini kumwambia kulikuwa ni kumkabidhi mama kwa mara nyingine, apate mwisho mzuri wa kisa chake cha wanafunzi. Acha atafute, nikasema moyoni. Atafute mpaka kaburini, na asikipate.

"Basi sijui," akasema mwishowe.

"Safari njema, Profesa," nikamwambia, na nikashuka.

Nilimkuta mama sebuleni anapiga pasi. Tangu alipoacha kazi ya kufua hospitalini anapiga pasi kila kitu, hata vitambaa vya kufutia vumbi. Alikuwa anajua ni siku gani. Nilimwambia tangu mwanzo nani ameomba kazi kwetu, na tangu siku hiyo hakulitaja tena lile jina, kama vile anaogopa kulitumia likaisha.

"Kapata?" akauliza bila kuinua macho.

"Hajapata. Mimi ndiye niliyemkatalia."

Pasi ikaenda mbele, ikarudi.

"Alijua ni kwa sababu yangu?"

Kazini kwangu nilikuwa pia nikiwakamata wadadisi wanaojaza majibu wenyewe chini ya kivuli badala ya kubisha hodi. Nawatambua kwa mbali. Majibu yao huwa mazuri mno.

"Alijua, mama."

"Akasemaje?"

"Hakuweza kusema. Alilia."

Akasimamisha pasi. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona hivyo. Ulikuwa uso wa msichana aliyeitwa jina lake kwenye umati. Akavuta kiti, akakaa, akanionyesha kingine.

"Hebu anza mwanzo," akasema. "Alianzaje kulia?"

Nikakaa, nikamweleza. Baadaye aliniomba tena, na tena mwaka uliofuata, na kila mara niliongeza kidogo. Mpaka mama anafumba macho, yule bwana alikuwa ameshapiga magoti mara mbili, na mama alikuwa bado anamkatalia msamaha.