Gia ya Mashine ya Kiabakari

Anastazia alianza kumtilia shaka yule mzee pale alipoinama kuhesabu meno ya gia za nje za mashine.

Mzee mwenyewe alijitambulisha kwa adabu: Mwalimu Mihayo, mstaafu wa chuo cha ufundi, anakaa Guta, Bunda. Amesikia kwamba karakana hii ya Kamunyonge ina mashine ya kukereza vyuma ya Kimarekani, ya zamani sana, naye anaomba kuiona tu. Kuiona tu! Mtu anatoka Bunda mpaka Musoma kuja kuangalia chuma kikuukuu?

Mashine hiyo baba yake Anastazia, sasa marehemu, aliipata kwenye mgodi wa Kiabakari walipokuwa wanauza vyuma chakavu. Ndiyo iliyomsomesha Anastazia na mdogo wake Lameck, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha hadi leo kwa kuchonga shafti za injini za mitumbwi na za mashine za kusaga. Hakuna aliyewahi kuja kuijulia hali kama mgonjwa.

Mihayo alipangusa vumbi ubavuni mpaka herufi za chuma zikajitokeza: TOLMAN & PEASE, U.S.A. Akapiga picha.

"Kichwa chake kimewahi kufunguliwa?"

"Kifunguliwe cha nini?" Anastazia alimuuliza.

"Nauliza tu, mwanangu. Msiipake rangi. Na msije mkaiuza kabla hamjaniambia."

Alipoondoka, Lameck aliacha kunoa, akamsogelea dada yake. "Dada, huyo anatafuta zebaki nyekundu, ile ya mamilioni. Wazungu wa zamani walikuwaga wanaificha kwenye mavyuma. Hukusikia alivyouliza habari ya kichwa?"

Anastazia alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Habari za mali zilizofukiwa na Mjerumani mkoa mzima wa Mara wanazijua; kuna watu wamechimba mpaka makaburi. Jioni ile, baada ya kufunga karakana, alirudi tena kulitikisa kufuli.

Jumatatu alikuta mafuta yametapakaa sakafuni. Kichwa cha mashine kilikuwa wazi, boliti zimetupwa ovyo, na gia moja kubwa imepasuka vipande viwili. Alisimama pale kama mtu aliyekuta mzazi wake kavuliwa nguo hadharani.

Lameck alifika, akajishika kichwa. "Si nilikwambia? Yule mzee!"

Anastazia hakungoja polisi. Alivifunga vile vipande kwenye kanga, akapanda basi la Bunda, akaulizia mpaka akafika Guta. Alimkuta Mihayo uani anapukuchua mahindi na mkewe, Pelagia. Hata salamu hakutoa. Alivimwaga vyuma mbele yao.

"Ulichokuwa unatafuta umekipata?"

Mihayo aliokota vile vipande, akavikutanisha. Uso ulimshuka. "Nani kafanya hivi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema Pelagia. Anastazia hakukaa.

"Kufuli limevunjwa?" aliuliza Mihayo.

"Halijavunjwa."

"Ufunguo anao nani?"

Ufunguo mmoja alikuwa nao Anastazia mwenyewe. Wa pili alikuwa nao Lameck. Alikikalia kigoda alichosogezewa na Pelagia.

Akauliza, bado hajamwamini mzee, "Sasa wewe, Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini?"

"Historia yake." Mihayo alivipangusa vipande kwa shati lake mwenyewe. "Ufundi nilijifunzia Butiama, kwenye mashine ya kampuni hiyo hiyo. Walioianzisha ni watu wawili, mmoja fundi bunduki, mwingine fundi saa, kwenye mji mdogo wa mtoni kule Marekani. Enzi hizo kila skrubu ilikuwa inapigwa tupa mpaka iingie kwenye nati yake, na kwenye nati nyingine haiingii. Bunduki ikivunjika kidude kimoja, basi tena. Hawa wakatengeneza mashine za kuchonga vipuri vinavyofanana, cha hii kiingie kwenye ile. Kampuni yenyewe ilishakufa. Nataka kujua mashine zake zilizofika huku ni zipi bado ziko hai. Ndiyo maana nilihesabu meno, nikauliza kama kichwa kimewahi kufunguliwa, nijue gia zake ni zile zile za asili. Yanalingana na ya Butiama."

Anastazia alimkagua usoni, akitafuta uongo. "Nionyeshe," alisema.

Kesho yake walikwenda Butiama, kuiona na kuomba gia ya kuwekwa badala ya iliyopasuka. Mashine ilikuwa chini ya banda la mabati, mota imeungua, kuku wametaga juu yake. Mwenye mashine, mzee Wanzagi, alisoma na Mihayo, lakini naye hakuridhika.

"Gia tu? Hakuna kingine mnachotaka humo ndani?" Aliwasimamia mpaka ikatoka, akamulika shimo lote kwa tochi ya simu, ndipo akawapa, kwa ahadi kwamba Anastazia atamchongea shafti ya mashine yake ya kusaga.

Kule Kamunyonge gia iliingia mahali pake kama imezaliwa humo. Mashine iliponguruma, Anastazia alimshika Mihayo mkono akamwomba radhi, na mzee akasema yameisha.

Kwa Lameck hayakuisha.

"Nilifungua, ndiyo," alikiri baada ya kubanwa. "Nilitaka niwahi kabla yake. Gia ikagoma, nikaipiga nyundo."

"Humo hamkuwa na kitu, Lameck."

"Mimi sikukuta kitu. Lakini wewe siku hiyo hiyo ulimkimbilia yule mzee. Kesho yake mkaenda kufungua ile ya Butiama. Mlikuta nini?"

"Gia."

"Dada." Alilisema taratibu, kama anayembembeleza mtoto aseme ukweli. "Mimi ni ndugu yako. Fungu langu liko wapi?"

Anastazia aliapa kwa jina la baba yao. Lameck alimtazama mpaka akamaliza, akatikisa kichwa, akatoka.

Wiki haikuisha, mvuvi mmoja aliyeleta shafti iliyopinda alimuuliza Anastazia, huku akitabasamu, kama ni kweli anajenga ghorofa Bunda kwa hela ya zebaki. Anastazia alimwambia aiweke shafti chini, arudi Alhamisi.