Nyayo za Pansy

"Kilima hicho si chako! Kifute!"

Norma alisimama kando ya turubai la picha, mikono kiunoni. Dulcie, wifi yake na jirani yake, aliyekuwa akilichora, hakuinuka pale barazani.

"Kwani mimi naingia kwenu na vitone vyangu vya rangi?" Norma akaendelea. "Hicho ni cha baba yangu, nyimbo zake ninazo mimi, na kukichora ni haki yangu. Wewe kwenu kisimani, baki kisimani."

"Kwetu uliingia ukanichukulia kaka yangu. Nilisema neno?"

Majirani walicheka. Walishatoka na viti vyao, maana ugomvi wa mawifi hao haukosi utamu.

"Sikukichora kwa jeuri, wifi," Dulcie akasema. "Ni kwa ajili ya Pansy."

Pansy ni binti yake. Alikuwa na miaka minne gari la serikali lilipomchukua, enzi zile za kuzoa watoto wa wenyeji weusi wenye baba wazungu, wakalelewe makaoni. Sasa angekuwa na wajukuu. Tangu Dulcie aanze kukichora kisima alipochukuliwa, nyayo za mtoto zilikuwa zikipita kwenye rangi mbichi kila asubuhi. Msimamizi wa kituo cha sanaa alimshauri afunge mbwa.

Norma aliinama. Huku unyayo husomwa kama sura.

"Kidole cha mwisho kimejikunja. Ni yeye."

Nyayo zilitoka kisimani mbio, zikaishia chini ya kilima. Juu yake hapakuwa na hata mmoja. Kilima kilichochorwa na asiye mwenyewe hakipitiki, na Pansy alifunzwa adabu mapema.

"Alikaa hapa," Norma akasema, sauti imeshuka. "Ona alama ya matako. Kakaa sana, huyu."

"Njia ya nyumbani ni hiyo tu, wifi."

Norma akavua kofia, akaketi, akachukua kijiti.

"Sogea. Na usinisemeshe."

Akapaka rangi nyekundu juu ya kazi ya Dulcie, akakidonoa kilima upya kwa vitone huku akiimba wimbo wa baba yake. Alasiri, rangi ikiwa bado mbichi, nyayo zilivuka kilima, zikashuka kwenye turubai, zikakanyaga saruji. Majirani walisogeza viti kumpisha. Juu ya nyayo hapakuwa na mtu. Zilikwenda mpaka mlangoni kwa Dulcie, zikasimama.

Serikali ilishamjibu Dulcie mara nyingi kwamba haimjui mtoto wa jina hilo. Wiki ile ilijibu hivyo tena.

"Mbona haingii?" Dulcie akauliza.

"Anangoja aambiwe, ndivyo walivyowalea kule. Mwambie kwa Kiingereza, wifi. Wenzake waliorudi wanasema ukitamka lugha yetu ulikuwa unachapwa."

Ndani, mkia wa kangaruu ulikuwa umetoka majivuni sasa hivi, unafuka. Dulcie alijua Kiingereza cha dukani tu. Akayatafuta maneno, akayapanga kinywani, kisha akamwambia bintiye kwa lugha ya waliomchukua:

"Ingia, mwanangu. Njoo ule."