Mshono wa Panzi

Siku Kamaludin alipofariki, panzi wa baharini wa mwisho aliyemvua alibaki kwenye friji, bawa moja likiwa na mshono mmoja tu, sindano ingali inaning'inia kwenye uzi. Alijilaza kidogo baada ya adhuhuri, nyumbani kwake Kuze, asiamke tena. Watu wa matanga walikuja wakaondoka, mkewe Mwanakuu akakaa eda, na samaki yule akabaki pale pale kwenye barafu. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Mji wa Kale wote ulimjua Kamaludin kwa chambo hicho. Panzi wa baharini, yule samaki arukaye juu ya maji kwa mapezi mapana kama mbawa, wengine humkatakata. Yeye alimshona mzima, mbawa wazi, ili akiburutwa nyuma ya boti aruke kama aliye hai. Nguru wakubwa hawakumpita.

Ishaq, nduguye marehemu, aliona boti ipewe mtu mwingine.

"Ngumbao kabaki peke yake botini," alisema, "na chambo hajui kushona."

"Kushona najua mimi," akasema Ummukulthum, binti wa marehemu, ambaye kofia zake watu walizingoja kila Idi.

"Nguru havai kofia, mwanangu."

"Nipe siku moja, ami. Nikirudi mikono mitupu, mpe umtakaye."

Jumamosi alfajiri akatoka na Ngumbao, aliyevua na babake tangu yeye hajazaliwa. Alikuwa amewashona panzi watatu vile ashonavyo kofia, mishono midogo iliyobanana kutoka shina la bawa hadi nchani. Wa kwanza alipogusa maji akazunguka kama pia. Wa pili vivyo hivyo.

"Umewatayarishia Idi hawa," Ngumbao akasema akiukunja mshipi wa kuvulia. "Wamependeza, ila hawapumui."

Ummukulthum akawaweka kando. Alibakisha mmoja.

Mara kundi la panzi likaruka mbele ya boti, na mmoja akaanguka miguuni pake. Akamdaka. Kiganjani bawa lilifunguka, likajikunja, likafunguka tena, limeshikwa shinani tu. Hapo akamkumbuka yule wa kwenye friji. Siku zote alidhani babake hakuwahi kulimaliza lile bawa. Kumbe alilimaliza.

Akamrudisha panzi baharini. Kisha akachukua mkasi, akafumua kazi yake yote kwenye panzi aliyebaki, akaacha mshono mmoja kwenye shina la kila bawa.

Safari hii chambo kiliruka. Kikagusa maji, kikaruka tena, na kabla Ngumbao hajasema neno mshipi ukavutwa kwa nguvu. Walipokezana kuuvuta hadi viganja vikawaka. Nguru aliyepanda botini alimfikia Ummukulthum begani.

Vichochoro vya Kuze walivipita pole pole, samaki katikati yao, na Ummukulthum hakuinamisha kichwa. Ishaq alikuwa barazani. Akasimama.

"Nani kamvua?"

"Muulize fundi wa kofia," Ngumbao akajibu, akabaki mlangoni.

Mwanakuu, aliyekuwa ndani na eda yake, aliletewa samaki uani. Hakumtazama nguru kwanza. Alikiokota chambo kilichochanika, akaupapasa mshono kwa kidole gumba.

"Huu ni wake," akasema.

"Ni wangu, mama."

Mwanakuu akamwekea bintiye chambo kiganjani. "Naam," akasema. "Ni wako."

Boti haikupewa mtu mwingine. Kila Jumamosi Ummukulthum hutoka na Ngumbao, na panzi wa Kamaludin yungali kwenye friji.