Popote Alipo

Mwaka 1996 Ndeshi Nnko alikuwa mwandishi wa gazeti dogo la binafsi, mojawapo ya yale yaliyochipuka baada ya serikali kulegeza kamba. Ofisi yao ilikuwa Kijenge, mjini Arusha, juu ya duka la vipuri. Alipopata ufadhili wa miezi miwili wa kuandika habari za mazingira ya pwani, wenzake walimtania kwamba Mmeru anajua kahawa na migomba, mikoko ataijulia wapi. Mhariri wake, Koikai, akawanyamazisha na kumwambia aende.

Kabla ya kuondoka alipanda kijijini kwao Nkoaranga kumuaga mama yake. Mguu wa mama ulikuwa umevimba tena. Ndeshi akasema labda aahirishe.

"Nenda," mama akasema. "Mguu huu haukuanza leo."

Akaenda. Alifikia kijiji kimoja kaskazini ya Tanga, nyumbani kwa mjane aitwaye Bi Riziki, aliyeuza vitumbua. Kila maji yakipwa alitembea na wanawake kwenye tope, akihesabu visiki vya mikoko iliyokatwa kwa ajili ya nguzo na mkaa. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Mwandishi.

Wiki ya tano alikwenda Tanga mjini kutuma makala ya pili na kumpigia Koikai simu kutoka posta.

"Ndeshi, ulikuwa wapi?" Koikai akauliza. "Tumekutangaza redioni siku tatu. Mama tulimzika Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ndeshi akamuuliza kama makala ya kwanza ilifika. Koikai akasema ilifika.

Alirudi kijijini kuchukua begi. Alipomweleza Bi Riziki yaliyotokea, na kumtajia jina lake kamili, yule mama akaketi kizingitini.

"Nililisikia tangazo hilo dukani," akasema. "Ndeshi Nnko wa Arusha, popote alipo, arudi nyumbani, mama yake amefariki. Tukamwombea marehemu. Sikujua ni wewe, mwanangu."

Ndeshi akamwambia si kosa lake. Akakunja kanga zake, akahakikisha daftari zote zimo, akaondoka.

Nkoaranga wageni walikwisha kutawanyika. Walibaki shangazi yake Tabea na kaka yake Eliamini. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, maua yamesinyaa juu ya udongo. Shangazi alimshika mkono, akasimama naye pale akingoja alie. Ndeshi aliyatazama maua. Aliona shada moja lenye jina la gazeti lao, na herufi moja imekosewa. Baadaye shangazi akasema waende, chai inapoa.

Siku zilizofuata alifanya alichotakiwa kufanya. Aliosha vyombo, alipokea pole, alikwenda ibadani Jumapili. Mchana aliketi chumbani kwa mama akaandika makala ya mwisho, kwa sababu wafadhili walikuwa wameweka tarehe. Hakusikia uchungu wala nafuu. Eliamini alipomkuta anaandika, alimwambia kwa hasira kwamba mama alimuulizia siku mbili nzima, naye alikuwa huko anahesabu miti ya baharini. Kaka yake alikuwa amesema kweli.

Makala ilitoka kurasa mbili. Eliamini alishuka Tengeru akanunua gazeti, akalisoma lote barazani, kisha akalikunja.

"Hao wanawake," akauliza, "wamepanda mingine?"

"Wamepanda. Mingi imesombwa na maji."

Akatikisa kichwa. Ndipo Ndeshi akamwomba amweleze jinsi mama alivyofariki. Eliamini alisita, kisha akaanza. Ndeshi alimuuliza ilikuwa saa ngapi, nani alikuwemo chumbani, mama alisema nini kwanza na nini baadaye, kwa sauti ileile aliyowauliza watu kazini. Kaka alipochanganya siku, alimrudisha taratibu. Eliamini alijibu yote mpaka akaishiwa la kusema, akafuta uso kwa mkono wa shati.

Ndeshi alimshukuru. Jumatatu akashuka Kijenge, kazini.