Nailoni Juu ya Kochi

Muuguzi wa kliniki ya wanawake alikuwa na majina mawili. Kazini aliitwa Sista. Kwenye simu, katika kikundi cha wanawake wanaotokwa na mkojo bila kujizuia, aliitwa Dada Msikivu, na huko ndiko alikopendwa zaidi. Kikundi alikianzisha mwenyewe, baada ya kuona wagonjwa wakiishi miaka na tatizo linalotibika kwa sababu tu waliona haya kulitamka. Kila mtu alijipa jina la kupanga, na namba za simu hazikuonekana. Picha za sura zilikatazwa. Sauti za kurekodi nazo zilikatazwa, maana sauti nayo ni sura. Na ya humu yabaki humu.

Wanawake walimwaga mioyo yao. Mmoja alisimulia alivyoruka kamba na binti yake akajuta. Mwingine alisema anavijua vyoo vya mji mzima kuliko waliovijenga. Walicheka, wakalia, na Dada Msikivu akawajibu mmoja mmoja bila haraka. Aliyesitasita kusema alimwandikia methali ileile: mficha maradhi, kilio humfichua.

Adhuhuri moja alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, viatu kavua, anamenya chungwa, mwanachama mpya alipoandika kwa mara ya kwanza. Alijiita Kiti cha Mlangoni. Aliandika bila nukta wala mkato, kama mtu anayeogopa kwamba akivuta pumzi ataghairi.

"hamjambo wanangu mimi ni mtu mzima nina wajukuu naishi kwa mwanangu nimejiita hivi kwa sababu kila niendako natafuta kiti cha mlangoni nitoke upesi nikicheka unatoka nikipiga chafya unatoka juzi ulinitoka kwenye kochi la mkwe wangu nikasema nimemwaga chai hakusema kitu kesho yake nikakuta ametandika nailoni kochi zima akasema ni kwa ajili ya watoto lakini watoto hawakai pale ninakaa mimi"

Muuguzi akaacha kumenya chungwa.

Nailoni ile aliinunua mwenyewe, akaikata kwa mkasi, akaibana kwa pini nyuma ya kochi ili isiteleze. Maneno ya chai aliyasikia na kuyaacha yapite, ingawa pua yake ilimwambia jambo jingine, na pua ya muuguzi ni vigumu kuidanganya. Mgonjwa angekuja kliniki na dalili ileile, angemkalisha, angemuuliza kwa upole. Kwa mama mkwe wake hakuwaza ugonjwa hata kidogo. Aliwaza kwamba mama ameanza uchafu.

Akajaribu kujiambia kwamba nailoni ziko nyumba nyingi na wakwe ni wengi. Ujumbe wa pili ukaingia.

"na akinipita hufungua madirisha hasemi neno anafungua tu hata kama ni baridi"

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Wenzake wa kikundi tayari walikuwa wanajibu.

"Pole mama yetu. Huyo mkwe hana utu."

"Naye atazeeka, asijali."

"Mlete humu afundwe na Dada Msikivu!"

Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Kisha wakaanza kumwita: Dada Msikivu uko wapi, mama anangoja neno lako. Akaandika, "Karibu sana mama. Hii ni misuli ya nyonga imelegea, si uchafu. Usione haya." Alipotuma alijiona kama mwizi aliyejiunga na umati kumsaka mwizi.

Jioni alimkuta mama mkwe pale pale kwenye kochi, simu kailaza kifudifudi pajani.

"Umerudi mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa, mama. Mmeshindaje?"

"Salama tu."

Nailoni ilichakarika mama alipojisogeza. Muuguzi alitamani kuing'oa saa ileile, lakini akiiondoa leo, mama atajiuliza kwa nini leo. Akaliangalia dirisha. Mama naye akaliangalia, akisubiri lifunguliwe. Muuguzi akapita moja kwa moja jikoni bila kulifungua, na joto la chumba likabaki sebuleni pamoja na mama.

Angeweza kusema mapema. Kila siku alikusudia, na kila siku simu ilimtangulia. Kiti cha Mlangoni sasa alimwandikia pembeni, yeye peke yake. Aliuliza mazoezi ya kukaza nyonga yanafanywaje, akaelezwa. Akashukuru. Kisha akaanza kusimulia. Tatizo lilimwanza alipomzaa mwanawe wa mwisho, mtoto mkubwa kupita kiasi. Mumewe, Mungu amrehemu, alihamia chumba kingine na hakurudi tena. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Mwanawe wa mwisho ndiye aliyekuwa mume wa muuguzi.

"halafu mkwe wangu alipohitimu uuguzi sikwenda," aliandika siku nyingine, "sherehe ilikuwa ndefu na viti vya mbele vya wazazi ningetokaje mbele ya watu nikasema naumwa kichwa najua ananinunia mpaka leo"

Ni kweli alinuna. Alikuwa amejiaminisha kwamba mama anamdharau, kwamba alimtakia mwanawe mke wa ukoo mkubwa zaidi. Kinyongo kile alikilea kama mtoto. Sasa alisoma maneno yale huku amesimama nyuma ya mlango wa stoo ya dawa, akajua kwamba hakupewa yeye maneno hayo. Ameyachukua.

Ndipo likaja swali. "dada msikivu wewe mtaalamu nishauri nimwambie mkwe wangu au ninyamaze naogopa macho yake"

Jibu lilikuwa rahisi. Angeandika "mwambie," kisha angekaa nyumbani asubiri kuambiwa, ashangae kidogo, amkumbatie. Hakuna ambaye angejua. Aliliandika hilo neno. Akalitazama, akalifuta, kwa sababu alijiona jinsi ambavyo angefanya uso wa kushangaa, na uso huo ukamtia kinyaa.

Jumamosi mumewe alipowapeleka watoto kunyoa, alikwenda kukaa kando ya mama, juu ya nailoni.

"Mama, Dada Msikivu ni mimi."

Mama hakuelewa mara moja. Kisha akaitazama simu mkononi mwake kama kitu kilichomng'ata.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Uliposema nailoni."

"Na ya baba yenu kuhama chumba?"

"Nimeyasoma, mama."

"Ukaniacha niendelee."

"Nikakuacha."

Mama akaisukuma simu mbali naye. "Kumbe nilikuwa navuliwa nguo, na mimi nasema ahsante."

Muuguzi akainamisha kichwa. Akaomba radhi kwa nailoni, kwa madirisha, kwa kununa. Mama akainua mkono kumkatisha.

"Ya nailoni niliyameza. Ya madirisha pia. Haya ya simu yamenikwama. Kila siku unatuandikia mficha maradhi, mficha maradhi. Mimi sikuficha. Nilichagua wa kumwambia, wewe ukanichagulia."

Muuguzi, kwa kukosa la kufanya, akainuka na kuanza kuchomoa pini.

"Iache," mama alisema. "Unaitoa leo ili nani afurahi? Bado naihitaji."

Alasiri ile kikundi kilionyesha kwamba Kiti cha Mlangoni ameondoka. Wanawake wakaulizana mama yao kaenda wapi. Muuguzi akaandika kwamba alimtambua mwanachama mmoja na hakumwambia, akaendelea kupokea siri zake, na kwa hiyo anakabidhi uongozi kwa mwenzake wa kliniki nyingine. Wengine walikasirika, na wawili wakaondoka. Lakini wengi walimsifu. "Una moyo safi dada, wangapi wangekiri?" Hakuweza kuwaambia kwamba mkwe asiye na utu waliyemtukana ndiye yeye. Kuisema aibu yake kungekuwa kuisema ya mama. Ikabidi asifiwe na anyamaze, na kila sifa ilimwingia kama mwiba chini ya ukucha.

Nyumbani walisemezana ya lazima tu: chumvi iko wapi, nani atampokea mtoto. Mume aliuliza kuna nini, kila mmoja akasema hakuna kitu. Hatimaye asubuhi moja mama alimsimamisha ukumbini.

"Kuna kliniki nyingine? Ambayo hawakujui?"

"Ipo, mama."

"Nielekeze. Usinisindikize, usiwapigie simu. Na mumeo asijue."

"Sawa, mama."

Akaenda peke yake, mkoba kaushika mbele kwa mikono miwili. Aliporudi, muuguzi alikuwa anakatakata vitunguu. Alitaka kuuliza yote: amepimwa vipi, kapewa dawa gani, miadi ni lini. Maswali yalimjaa mdomoni, na yote alikuwa anayajua kwa moyo.

Mama aliingia jikoni, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya karoti.

"Daktari mwenyewe msichana," alisema baada ya muda. "Mikono yake baridi kama barafu."

Muuguzi akangoja. Mama akamaliza karoti ya kwanza, akachukua ya pili, wala hakuongeza neno. Na muuguzi hakuuliza.