Madishi Yalipopiga Hodi kwa Pamoja

Mkaguzi wa kampuni iliyotaka kuununua mtambo alikuwa mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Alikunywa chai, akasifu makabati ya mitambo, akasifu hata feni. Kisha akasema, "Sasa uzimeni. Halafu muuwashe."

Injinia alitabasamu. Yeye na kaka yake, mwenye karakana, walikuwa wamemalizia ujana wao kwenye mtambo huo. Kazi ya mtambo ilikuwa kuzungumza, kupitia setilaiti, na madishi madogo yaliyotawanyika milimani na kuyapa intaneti. Dishi moja la majaribio lilikuwa kwenye zahanati ya kijijini kwao, mahali ambapo simu haishiki hata upande juu ya paa. Kila alasiri muuguzi alimkalisha mama yao mbele ya skrini, naye akamsimulia bintiye habari za magoti yake. Mtambo ungekubaliwa leo, madishi yangebaki. Ungekataliwa, wangekatiwa setilaiti kesho asubuhi, maana pesa ya kuilipia ilikuwa imekwisha.

Injinia akazima. Akawasha. Taa za mtambo zikarudi kijani, lakini kwenye skrini madishi yote yakabaki mekundu.

"Yape muda," kaka yake akasema.

Wakayapa. Chai ya mkaguzi ikapoa.

Hapo ndipo Injinia alipoelewa. Nyaya za karakana zilikuwa mbovu. Ukiwasha madishi yote kwa mpigo, fyuzi inaruka. Kwa hiyo miaka yote, kabla ya kuyapeleka milimani, waliyajaribu hapo karakanani wakiyawasha moja moja. Kila moja lilipiga hodi kwa utulivu, likakaribishwa. Hawakuwahi kuyasikia yakipiga hodi yote kwa pamoja. Sasa mtambo ulipozimwa yote yalipotea, na ulipowashwa yote yaliita sekunde ileile, sauti zikagongana angani, hakuna iliyofika. Yakaita tena, pamoja tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyafundisha kutochoka. Majuto ni mjukuu, wanasema. Haya hayakungoja hata mtoto azaliwe.

"Dawa yake?" kaka akanong'ona.

"Ndogo tu. Kila dishi lingoje kidogo kabla ya kuita, kila moja kwa muda wake."

"Si uyatumie hiyo dawa sasa hivi?"

"Nitume kwa njia gani, kaka? Njia ndiyo hiyo iliyokufa."

"Basi tuwapigie watu wa huko, wayazime, wawashe kwa zamu."

"Kwa simu ipi? Wangekuwa na simu, tungewapelekea dishi la nini?"

Mkaguzi alifunga mkoba wake. "Poleni sana," akasema, na alimaanisha, jambo lililouma kuliko kama angewatukana. Wakamsindikiza hadi mlangoni kama mgeni wa heshima.

Waliporudi, kaka alikaa juu ya boksi, mikono ikining'inia. 

"Na mama?" akauliza.

Injinia alitazama saa ya ukutani. Alasiri ilikuwa imeingia.

"Ameshakalishwa."

"Atatukasirikia, mdogo wangu."

"Angetukasirikia ningeshukuru. Mama hatatulaumu sisi. Atadhani ni yeye aliyegusa kitu akakiharibu. Saa hizi anamwomba muuguzi msamaha."