Kisu cha Mama Kizimbani

Usiku wa jana niliota nimekamatwa nikienda kumenya vitunguu. Mtoto wa kaka yangu anaolewa, na huku kwetu Pangani mwanamke haendi kusaidia shughulini mikono mitupu. Unakwenda na kisu chako. Changu ni cha marehemu mama.

"Silaha," askari akasema.

"Silaha ya kitunguu," nikamjibu. Sikuwa na muda wa upuuzi.

Mara niko mahakamani. Hakimu ni kitunguu maji kilichovaa joho. Ukumbi mzima unalia, na yeye anadhani tunamwogopa.

"Bi. Mwanaidi, sheria yenyewe rahisi," akasema. "Inchi moja, mwaka mmoja. Chini ya inchi tatu, nenda kwenu."

Kabla yangu alisimama jambazi na panga lake. Rula ya mahakama, yenye inchi kumi na mbili tu, ikapima, ikafika mwisho, panga bado linaendelea.

"Halipimiki," rula ikasema.

Jambazi akaachiwa, akaombwa radhi kwa usumbufu.

Changu kikapimwa. Inchi sita.

"Miaka sita? Na vitunguu vya pilau ya watu mia tatu nani atamenya?"

"Hilo haliihusu mahakama," hakimu akasema. "Tena nina ndugu zangu kwenye hayo magunia."

Hapo kisu kikakohoa. Sauti ni ya mama, ileile aliyokuwa akiniamshia.

"Mwanaidi, acha kubishana na watu wazima. Ninoe."

"Nikikunoa utakwisha, mama."

"Ninoe, nimesema. Harusi inakungoja wewe, hainingoji mimi."

Kizimba kimegeuka kizingiti cha jiko letu. Nanoa kwenye jiwe. Nanoa huku nalia, roho inaniuma, na kisu hakisemi tena. Rula inasoma: nne, tatu, mbili na nusu. Hakimu anagonga nyundo, naachiwa.

Nikaamka kumekucha. Nikajiambia ni ndoto tu, nikatia kanga begani, nikafungua kitambaa ninachofungia kisu. Kilikuwa mpini wa mama na kipande cha chuma cha urefu wa kidole gumba.

Shughulini wakaniuliza mbona macho mekundu. Nikawaambia ni vitunguu. Wakatazamana, maana magunia yalikuwa bado hayajafunguliwa.